Foili ya alumini darini: upande unaong'aa utazame wapi?

Muulizaji: Wakuu, naomba msaada. Paa langu ni la bati, na ikifika saa tisa alasiri ukigusa dari kwa kiganja unautoa upesi. Mama yangu analala chumba cha kona, usiku hapati usingizi. Fundi ameshauri tutandaze foili juu ya gipsamu, upande unaong'aa ukitazama juu. Ni sawa? Na wakati wa baridi itasaidia?

Jibu la 1: Pole kwa mama, ndugu yangu. Kutandaza usikubali. Mimi nilitandaza kwangu: mwaka wa kwanza raha, wa tatu joto likarudi. Nikapanda na tochi, nikapitisha kidole juu ya foili, kikaacha mstari unaong'aa katikati ya vumbi. Foili yenye vumbi hairudishi vizuri mionzi ya joto.

Nikaitoa, nikaipigilia chini ya mbao za paa, uso unaong'aa ukitazama chini. Watu hudhani nimekosea. Lakini alumini safi hata ikipata moto hutoa mionzi kidogo mno, kama asilimia 5 tu ya ile ambayo uso mweusi ungetoa. Bati linaichoma kwa juu, yenyewe haiteremshi joto hilo kwenye dari. Sharti chini yake pawe na nafasi ya hewa, sentimita 2 na nusu au zaidi. Ikigusana na vitu pande zote mbili bila nafasi ya hewa inakuwa bamba la kupitisha joto tu. Acha pia upenyo kwenye ukingo wa paa na karibu na kofia ya paa kule kileleni, hewa moto itoke.

Jibu la 2: Naongezea. Zima umeme kwanza, alumini inapitisha umeme. Wizara ya Nishati ya Marekani inasema katika maeneo ya joto foili ya namna hii inaweza kupunguza gharama za kupooza nyumba kwa asilimia 5 hadi 10. Kwa baridi faida ni ndogo, hapo weka sufi ya kioo, yaani nyuzi laini za kioo za kuzuia joto lisipite. Ila usiifunike sufi kwa foili isiyo na vitundu, mvuke utanasa chini yake na kuilowesha.

Muulizaji: Nashukuru sana. Nimepanda leo asubuhi kukagua, nimekuta waya wa taa ya chumba cha mama umetafunwa na panya, shaba iko nje kama urefu wa kidole. Namwita fundi umeme kwanza, foili itasubiri.