Hela ya kula napewa, muda wa kula sipewi

Binti wa Vitenge

Habari zenu wakuu. Nauza vitenge duka la jumla Kariakoo, huu mwaka wa tatu. Naishi Gongo la Mboto. Naamka saa 10 na nusu alfajiri, nageuza na gari ili nipate siti, saa 2 asubuhi tunafungua, saa 12 jioni tunafunga, Jumatatu mpaka Jumamosi. Foleni nimeizoea, makonda nimewazoea. Kinachonikaba ni chakula.

Tajiri anatoa 3,000 ya kula kila siku, na namshukuru, maana maduka ya jirani hawapewi. Ila anataka nile hapo hapo kaunta. Mnaojua biashara hii mtanielewa: kitenge hakishikwi na mkono wenye mafuta. Sahani naiweka kwenye stuli, naifunika. Nakula kijiko kimoja, mteja huyo. Nanawa kwa maji ya chupa, najifuta, namkunjulia pisi tano, anauliza bei, anasema anazunguka kwanza. Narudi, kijiko cha pili, mwingine huyo. Nikianza saa 7 mchana namaliza saa 9, wali umekauka, rojo limeganda.

Mwezi uliopita alikuja mama wa Lubumbashi, mteja wetu mkubwa, akichukua hachukui chini ya pisi 60. Nikainuka haraka, kiwiko kikagonga sahani, mchuzi wa samaki ukarukia kitenge cheupe chenye maua ya bluu. Tone moja tu, kama punje ya mahindi. Nilisugua kwa sabuni ya mche mpaka vidole vikauma, likabaki duara la njano. Binzari haitoki. Mshahara ulipotoka, 22,000 haipo. Hakuna aliyeniambia kitu, nimejua mwenyewe kwa kuhesabu.

Sitaki ugomvi na tajiri, nilipougua malaria alinitunza. Nauliza tu: nyie wa madukani mnakula saa ngapi, na nani anawashikia kazi? Na ile hela ilikuwa haki kukatwa?

Kijana wa Sheli

Pole dada. Mimi nipo sheli, najaza mafuta. Kwetu tunapokezana, mmoja anashika pampu zote, mwingine anakula dakika 20. Hatukupewa hivi hivi, tulimfuata msimamizi wote wanne siku moja. Ukienda peke yako unaonekana mkorofi. Kuhusu makato usiniulize, sisi shoti, yaani hela ikipungua kwenye mahesabu, tunalipa jioni ile ile, hata kama mashine ndiyo imekosea. Inauma sana.

Afisa Utumishi Mstaafu

Mwanangu, tafuta Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ipo kwa Kiswahili. Kifungu cha 23 kinasema mfanyakazi anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5 apewe mapumziko yasiyopungua dakika 60. Mwajiri halazimiki kuyalipia, lakini akikutaka ufanye kazi au uwepo tayari muda huo, anatakiwa akulipe. Wewe hapo kaunta ulikuwa kazini, kijiko mkononi au la.

Makato yapo kifungu cha 28. Mali ikiharibika, mwajiri lazima aonyeshe kuwa ni kosa lako, akueleze kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu yake, na akupe nafasi ya kujibu. Makato yote yasizidi robo ya ujira. Kukata kimyakimya si sahihi, hata ingekuwa 2,000. Na kosa ni la nani, kama aliyekukalisha na mchuzi katikati ya vitambaa ni yeye? Hilo ndilo ungemjibu.

Anza kwa kuongea naye. Ikishindikana kabisa kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na mgogoro wa namna hii unafikishwa ndani ya siku 60. Usiziache zipite. Saa zako nazo zina tatizo, 60 kwa wiki wakati kawaida ya kisheria ni 45, ila shika moja kwanza.

Mama Lishe wa Gerezani

Mwanangu umenigusa. Mimi napika hapa mtaa wa Gerezani, jirani na Kariakoo, napeleka sahani madukani, na za watu wa vitenge ndizo za mwisho kurudi. Nyingine zinarudi saa 10 na nusu, samaki ameguswa upande mmoja tu. Chakula nimekiamkia saa 9 usiku, nazi nimekuna mwenyewe, kinakwenda kumwagwa. Njoo ukae kwenye benchi langu hata robo saa, nikupakulie kikiwa cha moto.

Binti wa Vitenge

Asanteni sana, na wewe mzee shikamoo. Jumatatu nilimfuata tajiri kabla hatujafungua, na kijana wa stoo tukaenda naye. Nilimwambia lile la mchuzi katikati ya vitambaa. Alikaa kimya, akasema stoo itashika kaunta kuanzia saa 7 na nusu mpaka saa 8. Ni nusu saa, saa nzima bado. Ya 22,000 amesema ataangalia, nami nimeandika tarehe kwenye daftari.

Mama, wali wako wa nazi unaisha saa ngapi? Leo nilifika saa 8 kasoro 20 nikakuta ugali tu.