Priseti za gitaa za kununua: zinalipa au tunaliwa? Tupeane uzoefu

Nyuzi Sita, Bamburi
Habari za jioni wana nyuzi. Tangazo limenipitia sasa hivi: priseti 40 (toni zilizopangwa tayari) za HX Stomp, kile kisanduku cha efekti za gitaa cha Line 6, kwa dola 29. Hiyo ni kama shilingi 3,800 ukishahesabu makato ya kadi. Likanikumbusha kifurushi kingine cha namna hiyohiyo: 31 geini (mkwaruzo) ya kumwagika, 6 za kanisani zenye dilei kama mwangwi wa pangoni, na 3 safi ambazo hata komprasa (ya kusawazisha sauti kubwa na ndogo) hazina. Ya rumba hakuna. Ya benga hakuna. Ya bango ndiyo usiulize. Waliotoa pesa zao waseme ukweli hapa.

Kijana wa Kisauni
Mimi za GT-1, kisanduku cha Boss, shilingi 1,300. Zilikaa siku mbili nikarudi kwa priseti za kiwandani. Zote zilitoka kama gitaa liko ndani ya pipa. Nafuatilia.

Fundi Mitambo, Tudor
Priseti ni orodha ya namba: ampu gani, geini ngapi, kabati lipi, maikrofoni iko umbali gani. Aliyeziweka namba hizo alikuwa na gitaa lake, mkono wake na spika mbili ndogo mezani. Wewe uko Mombasa na gitaa lako, na spika za inchi 15 za kukodi. Basi kabla ya kusema umeibiwa, fanya haya.

Kwanza kiwango cha kuingilia. Priseti ya mwenye hambaka (pikapu, yaani kinasa sauti cha gitaa, ya koili mbili) ukiiweka kwenye singo koili (pikapu ya koili moja), geini inakosa nguvu na komprasa haishiki. Weka busta safi (kipandisha sauti) mwanzo kabisa wa mnyororo, desibeli 4 hadi 6. Kinyume chake, kama wewe ndiye mwenye hambaka, shusha geini kama alama moja na nusu.

Pili sauti. Sikio likipewa sauti ndogo halisikii besi wala trebo vizuri. Fletcher na Munson walilipima hilo mwaka 1933. Mtu akitengeneza toni chumbani usiku, watoto wamelala, anajaza besi na trebo hadi imkolee. Ipeleke ukumbini uone. Besi inagombana na gitaa la besi na kinanda, trebo inachoma masikio, na pale katikati ambapo gitaa linaishi hapana kitu. Kata chini ya Hz 100. Kata juu kuanzia 6,500, au 8,500 kama ni toni safi ya rumba. Pandisha desibeli 2 pale kati ya 800 na 1,200. Fanya hivyo kwa sauti ya ukumbini, si kwa hedifoni, na uhifadhi kwa jina jipya ili ya asili ibaki.

Likoni Moja
Hambaka, singo koili, sijui pikapu... mnapiga muziki ama mnahamisha nyumba?

Bi Sauti
Fundi Mitambo kasema kweli ila kaliruka kubwa. Kijana wa Kisauni, GT-1 yako unaiingiza wapi?

Kijana wa Kisauni
Kwa ampu. Tundu la mbele, la gitaa.

Bi Sauti
Ndilo pipa lako hilo, mwanangu. Priseti nyingi za kununua zina kabati ndani yake, yaani mwigo wa spika na maikrofoni, kwa sababu zimetengenezwa kwenda moja kwa moja kwa mikseri. Ukiiingiza mbele ya ampu, unapata kabati juu ya kabati na ampu juu ya ampu. Trebo inachujwa mara mbili, besi inavimba. GT-1 ina mpangilio unaitwa Output Select. Ukienda kwa mikseri au hedifoni weka LINE/PHONES. Ukienda kwa ampu, ingia tundu la Return lililo nyuma, kisha uchague COMBO RETURN. Kwa HX Stomp na Helix, kaka yake mkubwa, zima boksi la kabati kwa mkono.

Kijana wa Kisauni
Kumbe! 1,300 yangu haikupotea basi.

Nyuzi Sita, Bamburi
Imepotea, ila si yote.

Mpiga Solo wa Mtwapa
Mkishataja mikseri, niwaambie la stereo, maana hili halimo kwenye maelezo ya muuzaji yeyote.

Harusi, Mtwapa, saa tano usiku, sebene imeshika moto. Priseti ni ya kununua, tena ya bei. Ina ampu mbili: ya mdundo imeelekezwa kushoto, ya solo imeelekezwa kulia kabisa, asilimia 100, na dilei ya milisekunde 10 juu yake ili "ipanuke". Kwa hedifoni ni tamu, wallahi. Kebo mbili zinakwenda kwa mikseri, chaneli ya 7 na ya 8.

Ikafika zamu ya mjomba wa bi harusi kutaka kusema neno, na hapakuwa na chaneli iliyobaki. Fundi akachomoa kebo ya 8 pale mikserini, akachomeka maikrofoni ya mjomba, akaipandisha feda (kitelezo cha sauti cha mikseri) mpaka juu kwa sababu mjomba anaongea kama anayenong'ona. Mjomba akamaliza. Bendi ikarudi. Swichi ya solo ikakanyagwa: kimya. Ngoma zipo, besi ipo, watu wako kati, gitaa halipo! Na hapa ndipo penye mtego. Kisanduku kinachanganya kushoto na kulia kuwa moja pale tu tundu lake la kulia likiwa tupu. Kebo ilikuwa bado imechomekwa upande wa kisanduku, upande wa pili umening'inia hewani, kwa hiyo chenyewe kinaamini stereo iko sawa na solo yote inamwagika sakafuni. Kitasa cha sauti kikazungushwa hadi mwisho. Fundi akashtuka, akairudisha kebo chaneli ya 8 bila kushusha feda ya mjomba.

Mlio uliotoka hapo sitaueleza. Twita (spika ndogo ya trebo) ya upande wa kulia ilikufa papo hapo, watoto wakalia, na bibi mmoja akauliza kama ni stima.

Likoni Moja
😂😂😂 Mjomba alisema neno gani lakini?

Nyuzi Sita, Bamburi
Twita nani alilipa?

Bi Sauti
Kabla hamjamlaumu fundi. Fundi hana mganga wa kumwambia kwamba solo imefichwa upande wa kulia. Mpiga gitaa anayekuja na kebo mbili aseme mbili za nini.

Mpiga Solo wa Mtwapa
Na kuchomeka kebo feda ikiwa juu, hilo ni la mpiga gitaa pia?

Bi Sauti
Hilo ni la fundi. Nimekubali. La kebo mbili sijakubali.

Mzee Bango, Mji wa Kale
Pigeni mono, wanangu. Kumbi zetu spika moja iko mlangoni na nyingine iko karibu na jiko la biriani. Stereo ya nani?

Fundi Mitambo, Tudor
Mzee wangu, mono peke yake haiponyi. Ile dilei ya milisekunde 10 ukiichanganya na sauti ya asili kwenye mono, zinafutana kwenye Hz 50, 150, 250, 350, na kuendelea hivyo kila baada ya 100. Gitaa linatoka jembamba, kama la redio ndogo. Priseti ya stereo ukitaka kuifanya mono: rudisha mielekeo yote katikati, zima dilei yoyote iliyo chini ya milisekunde 30 isipokuwa koras (ile inayofanya gitaa moja lisikike kama mawili), chomoa kebo ya kulia kwenye KISANDUKU, kisha sikiliza tena. Kama bado ni nyembamba, futa ampu ya pili.

Mzee Bango, Mji wa Kale
Nimesema mono, nawe umesema mono kwa maneno mengi.

Duka Mfukoni
Wakuu, nina priseti 2,000 kwenye flashi, 500 tu, za kila kisanduku. Njoo inboksi.

Nyuzi Sita, Bamburi
Hizo 2,000 ni zipi? Helix ni .hlx, POD Go ni .pgp, hazibadilishani. Katana na GT-1 zote zinaandika .tsl lakini ya huku haifunguki kule. Mtu atakaa wiki nzima akijaribu faili ambazo kisanduku chake hakizijui.

Duka Mfukoni
Wateja wangu hawalalamiki.

Fundi Mitambo, Tudor
Hawalalamiki kwa sababu hawakupati tena. Na nyingi ya hizo zinapatikana bure kwa wenyewe: Line 6 wana CustomTone, Boss wana Tone Exchange, Kemper wana Rig Exchange. Zile ambazo si za bure, ni jasho la mtu umelitia kwenye flashi.

Duka Mfukoni
Jasho gani la kuzungusha vitasa? Hata nyinyi mnaimba nyimbo za watu kila Jumamosi.

Likoni Moja
Hapo kawagusa 😂

Likoni Moja
Haya, sasa la maana kidogo. Priseti mpya huandikwa kwa programu mpya ya kisanduku. HX Stomp ilikuwa na maboksi 6 ya efekti mpaka toleo la 3.0 la mwaka 2020, ndipo yakawa 8. Ukiwa na toleo la zamani, faili itakataa au itafunguka na mapengo. Na priseti ya Helix kubwa yenye njia mbili na ampu mbili msitegemee iingie nzima kwa Stomp, nguvu ya kichakato haitoshi. Kwa hiyo mtu anasasisha. Msisasishe siku ya shughuli! Hifadhini kwanza priseti zenu zote kwenye kompyuta. Na kumbukeni kwamba laptopu ina betri yake lakini kisanduku kinakula stima ya ukutani. Ikikatika asilimia 60, kisanduku kinabaki hakijui kama ni cha zamani ama kipya. Tumieni UPS, hata ile ndogo ya kompyuta.

Kinanda cha Nyali
Mimi naona pesa ya priseti ni bora ununue IR, yaani rekodi fupi ya mlio wa kabati la spika. Priseti inakufa ukibadilisha kisanduku, IR ni faili ya .wav, unahama nayo. Ila msilipie urefu: Helix inasoma sampuli 2,048 kwa kHz 48, sawa na milisekunde 43. IR ya nusu sekunde inakatwa mkia wote.

Fundi Mitambo, Tudor
GT-1 haipokei IR, kwa hiyo Kijana asikimbilie huko.

Kinanda cha Nyali
Basi NAM, programu ya kuiga ampu, ya bure kabisa, laptopu na kadi ya sauti. Bafa (sauti inayongoja kuchakatwa) ya sampuli 128 kwa kHz 48 ni milisekunde 2.7 kwenda, na kiasi hicho tena kurudi. Kidole hakihisi.

Bi Sauti
Laptopu kwenye jukwaa la wazi, Shanzu, saa nane mchana mwezi wa pili. Nikutakie heri.

Mzee Bango, Mji wa Kale
Mnanunua vitu wakati nyuzi zina kutu. Hewa hii ya chumvi inaua trebo ya nyuzi kabla hujajua, kisha unapandisha trebo kwenye priseti, kisha ukibadilisha nyuzi unalia kwamba priseti imeharibika. Nyuzi mpya kwanza, siku moja zitulie, halafu ndiyo ushike vitasa.

Nami natoa yangu bure, ya bango na rumba ya taratibu. Singo koili, swichi kati ya shingo na katikati, kitasa cha toni 8. Komprasa 4 kwa 1, ataki (muda wa kuanza kubana) milisekunde 25 ili kucha isikike, rilisi (muda wa kuachia) 150. Ampu safi ya aina ya Fender Twin: geini 3, besi 4, kati 6, trebo 6. Koras Hz 0.7, mchanganyiko asilimia 25. Dilei: gawanya 60,000 kwa mwendo wa wimbo, kisha nusu yake. Mwendo wa 120 unakupa 250. Marudio mawili, mchanganyiko 15. Rivabu kidogo tu. Kata chini ya 110, kwa sababu kwa bango saksafoni ndiyo inayoongoza na gitaa linajaza nafasi, halina haja ya tumbo. Ukitaka solo, busta ya desibeli 3 BAADA ya ampu. Ukiiweka kabla, toni inaweza kuchafuka na sauti isipande sana.

Kinanda cha Nyali
Koras tena, mzee? Hiyo ni sauti ya hoteli za zamani.

Mzee Bango, Mji wa Kale
Na hoteli ndizo zinazolipa.

Nyuzi Sita, Bamburi
Hii nimeiingiza kwa Stomp sasa hivi, inakula maboksi 7 pamoja na ikwalaiza na busta. Koras nimeshusha hadi 18, hambaka zangu zilikuwa zinaogelea. Tangazo la dola 29 nimelifunga. Ila nikipata kazi ya nyimbo za kanisa wiki tatu mfululizo huenda nikanunua zile 6 za dilei ndefu, maana kuzitengeneza ni usiku mzima.

Mpiga Solo wa Mtwapa
Walioniuliza: twita ni nusu kwa nusu, bendi na fundi. Mjomba hakutoa hata thumuni.

Kijana wa Kisauni
Nimeingia Return, nimeweka COMBO RETURN. Pipa limeondoka! Lakini sasa kuna mvumo, mmmmm, na nikigusa nyuzi unapungua.

Bi Sauti
Ukigusa nyuzi ukipungua, anza na gitaa lenyewe na eneo ulilokaa. Sogea mbali na chaja ya simu na taa za LED, kisha chomoa adapta ya GT-1 uiendeshe kwa betri 4 za AA. Mvumo ukiisha, adapta ndiyo mbaya. Ukibaki, fungua gitaa uangalie kinga ya ndani na waya za ardhi za vitasa na tundu la kebo; ule wa daraja la nyuzi unafanya kazi, ndiyo maana ukigusa mvumo unapungua. Huku kwetu waya huota kijani.

Kijana wa Kisauni
Betri nitanunua asubuhi. Bisibisi ninayo.