Naomba ushauri: mabegi mawili ya kilo 23 na nyumba ya miaka tisa

Muuguzi wa Kisauni: Ndugu zangu, nimepata kazi ya uuguzi katika hospitali moja ya Manchester na nitaondoka Mombasa baada ya wiki tatu. Tiketi inaniruhusu mabegi mawili ya kilo 23 kila moja, nami nina vyombo vya miaka tisa: sufuria, mbuzi ya kukunia nazi, kibao cha chapati, blanketi mbili nzito, blenda na pasi. Vyombo vikubwa nimekwisha kuviuza, kwa kuwa nimeambiwa umeme wa kule haulingani na wetu. Katika hivi vilivyobaki, nichukue vipi?

Bi Mwambao: Mwanangu, mbuzi usiiache. Nilikaa Leicester miaka minne. Nazi nilizipata katika maduka ya Wahindi, lakini mbuzi sikuiona, nikawa nakwangua kwa kijiko hadi machozi yakanitoka. Blanketi ziache, kwa sababu zinakula nafasi na kule zinapatikana kwa bei ndogo katika maduka ya vitu vilivyotumika. Samli usithubutu: Uingereza haimruhusu msafiri atokaye kwetu kuingiza nyama wala vyakula vya maziwa, na kopo langu lilitupwa pipani mbele ya macho yangu.

Kijana wa Old Town: Mbuzi ibebe, dada, maana ukikosa kiti ndani ya ndege utaikalia.

Mzee wa Likoni: Mnahangaikia vijiko na kusahau vyeti. Hati zako zote, pamoja na cheti cha ndoa, ziweke katika mkoba wa mkononi, kwa maana begi huweza kupotea. Mimi nilikwenda Jeddah na godoro, nikalikuta limenitangulia lingine jipya chumbani. Lakini niambie, binti yangu, katika nyumba hiyo anabaki nani?

Muuguzi wa Kisauni: Shikamoo, mzee. Sioni jinsi hilo linavyohusiana na mizigo.

Bi Mwambao: Linahusiana sana, kwa sababu anayebaki atahitaji chombo cha kupikia.

Muuguzi wa Kisauni: Basi niseme. Mume wangu na watoto wawili wanabaki hadi nitakapotulia, kisha watanifuata. Yeye yuko Lamu kikazi na hajajua kwamba friji na jiko la gesi vimeondoka. Hata hivyo, fedha zimekwenda kwenye amana ya chumba changu, watoto watakula kwa mama yangu, na friji yenyewe ilikuwa ikivuja maji tangu mwaka jana. Sioni kosa langu.

Fundi Stima: Sina nia ya kumvunjia mtu heshima, lakini kisa hiki kina harufu ya kutungwa. Umeme wa Kenya ni volti 240 na wa Uingereza 230, mizunguko 50 kwa sekunde pande zote mbili, na soketi zetu za matundu matatu ni zile zile walizotuachia Waingereza. Muuguzi anayeshughulika na mashine za hospitali kila siku anakosaje kulijua hilo? Tena jiko la gesi linaingiaje katika hoja ya umeme?

Kijana wa Old Town: Mimi nilianza kushuku aliposema mume hajui, kwa kuwa Lamu nako simu zinaita.

Muuguzi wa Kisauni: Sijatunga neno. Habari ya umeme nilipewa na shemeji yangu, mume wa dada yangu, nami sikuwa na sababu ya kumshuku.

Mzee wa Likoni: Na friji ilinunuliwa na nani?

Muuguzi wa Kisauni: Na yeye, pamoja na jiko.

Bi Mwambao: Kwa bei gani, mwanangu?

Muuguzi wa Kisauni: Hilo naomba tuliache. Kwa hiyo blenda naweza kuibeba?

Fundi Stima: Unaweza, na plagi yake itaingia ukutani bila adapta. Ila pasi mwachie mumeo, apate walau chombo kimoja cha kuchomeka.