Nimeokoka miaka 3 sasa ila hasira bado zipo, naombeni ushauri

Bwana asifiwe wapendwa. Mimi nauza spea za pikipiki, niliokoka 2022, pombe niliacha wiki ile ile wala sijawahi kuitamani tena, sasa nikajua na hasira nazo zitaondoka hivyo hivyo kumbe wapi.

Juzi dogo wa dukani kamwaga boksi la nati, nikamfokea mbele ya wateja mpaka sauti ikakauka. Hakujibu kitu, akapiga magoti akaanza kuokota moja moja huku mikono inamtetemeka, na mimi nimesimama tu juu yake na tisheti yangu ya kwaya. Aisee niliona aibu. Usiku nikamuomba msamaha, akasema yameisha bosi, ila hilo "bosi" lilinichoma maana siku zote ananiita bro.

Sasa kuna mtu kaniambia nifunge siku 7 kavu, hilo ni pepo. Mama mmoja wa jumuiya yeye kasema nisome Wafilipi 1:6, kwamba aliyeanza kazi njema ndo ataimaliza, nipunguze papara, kwani miaka miwili nyuma ningeomba msamaha? Kweli nisingeomba, ningempiga.

Ila naogopa nisije nikajificha kwenye neema nikawa naumiza watu kila wiki. Waliopitia hii, mlikuwa mnafanya nini kile kidakika kabla mdomo haujafunguka? Na dogo nimrudishieje imani?