Mrejesho: Upande mmoja wa tezi umetolewa, kwa nini msimbo unasema "yote"?

Ndugu zangu, asanteni sana. Wiki mbili zilizopita niliwaletea swali: nasomea kazi ya misimbo ya hospitali huku Marekani, yaani kuandika kila tiba kwa msimbo wa herufi na namba, na zoezi lilihusu mgonjwa wa rovu aliyetolewa upande wa kushoto tu wa tezi ya thairoidi. Niliandika eksisheni, yaani kukata sehemu. Nikakosa. Jibu lilikuwa riseksheni, kutoa kiungo chote.

Sasa nimeelewa, na aliyenisisitizia nirudi kwenye jedwali Mungu ambariki. Katika ICD-10-PCS, mfumo wa Marekani wa misimbo ya upasuaji na tiba za hospitalini, kiungo ni kile kilichopewa alama yake kwenye jedwali, hata kama sisi tunakiona ni kipande cha kitu kikubwa zaidi. Upande wa kushoto wa tezi una herufi yake, G. Ukitoka wote ni riseksheni, hata kama wa kulia umebaki salama. Msimbo ukawa 0GTG0ZZ: 0 ya kwanza ni tiba na upasuaji, G mfumo wa homoni, T riseksheni, G upande wa kushoto, 0 upasuaji wa wazi, kisha Z mbili kwa kuwa hakuna kifaa kilichoachwa mwilini wala maelezo ya ziada. Kingekatwa kipande tu cha upande huo, T ingekuwa B.

Kilichonipoteza ni kichwa cha ripoti ya upasuaji kwenye zoezi: "kuondoa sehemu ya tezi". Siku hizi nasoma maelezo ya upasuaji wenyewe mstari kwa mstari: alikata wapi, alibakisha nini, kipi kilipelekwa maabara. Jana nilirudia maswali kumi, nikapata tisa. Lililobaki ni la ini, nalirudia usiku huu.