Samaki mgeni kwenye tangi la chumvi hataki kutoka mafichoni, naomba ushauri

Kinyozi_Buru:
Wadau, habari zenu. Nina tangi la maji ya chumvi, lita mia mbili hivi, liko hapa kazini kwangu, kinyozi, Buruburu, Nairobi. Jumatatu nimeongeza samaki mpya. Ni mdogo, mbele mweupe, nyuma mwekundu wa moto, na mgongoni ana unyoya mrefu anaoupandisha na kuushusha. Muuzaji alimwita fayafishi. Tangu nimtie ndani aliingia chini ya jiwe na hapo ndipo kwake. Chakula kikishuka anachungulia, anarudi. Niliuacha mfuko uelee juu ya maji dakika ishirini kama nilivyoelekezwa. Joto la maji ni nyuzi 25, kipimo cha uzito wa maji ya chumvi 1.025, amonia (ile sumu ya uchafu wa samaki) sifuri. Swali langu ni moja tu: haya yake itaisha lini, na kuna dawa ya kumchangamsha? Nimelipa pesa nzuri na wateja wanauliza yuko wapi.

Mzee Kobe:
Kijana, zima taa za tangi kwanza. Kiumbe ametolewa baharini, akafungwa kwenye mfuko, akasafirishwa usiku kucha, akashushwa kwenye mataa na muziki wa kinyozi. Wewe ungetoka? Huyo ni Nemateleotris magnifica. Hata akizeeka hapiti sentimita 9. Baharini huishi mlangoni mwa shimo lake, akitishika kidogo tu anadumbukia. Halafu funika tangi kwa wavu wa matundu madogo, maana huruka. Wale wangu wa aina hiyo niliwaokota sakafuni asubuhi wamekauka kama dagaa wa Omena Road, kama kuna barabara kama hiyo.

Nyota_ya_Kisumu:
Sijawahi kuelewa mtu analipa pesa kumtazama samaki. Kwetu samaki akijificha, ni chini ya sukuma wiki.

Fundi_Pampu:
Dakika ishirini ni za joto tu, boss. Chumvi je? Ulimdondoshea maji? Unatia samaki na maji yake kwenye ndoo, unashusha mpira mwembamba kutoka tangini, unaufunga fundo ili maji yadondoke tone kwa tone, mpaka maji ya ndoo yawe mara mbili au tatu ya yalivyokuwa. Ndipo unamhamisha kwa kikombe, na yale maji ya mfuko unamwaga nje. Usipofanya hivyo mwili wake unashtuka.

Mzee Kobe:
Fundi, hapo inategemea safari. Samaki aliyekaa mfukoni saa nane au kumi kutoka Mombasa amekojoa humo ndani. Hewa chafu anayotoa inafanya maji yawe na asidi, na kwa sababu hiyo amonia haimuumizi sana. Ukifungua mfuko, hiyo hewa inatoka, asidi inashuka, na amonia ileile inageuka sumu. Sasa wewe unamdondoshea saa nzima akiwa ndani ya sumu. Wa safari ndefu unasawazisha joto, unapima chumvi ya mfuko, zikikaribiana unamtoa haraka.

Fundi_Pampu:
Zikikaribiana. Wauzaji wengi huweka maji yao chumvi ya chini ili maradhi yapungue. Ukimrusha tu kwenye 1.025, ni kilio.

Kinyozi_Buru:
Asanteni wazee, lakini hayo yamepita, samaki yuko hai na anapumua vizuri. Tatizo ni ile haya yake.

Dada_Tudor:
Kakangu, ndani ya tangi kuna nani mwingine?

Kinyozi_Buru:
Mawe, konokono, kaa mdogo wa gamba, na mwingine mmoja.

Dada_Tudor:
Mwingine mmoja nani?

Kinyozi_Buru:
Samaki wa siku nyingi. Mpole sana. Hana shida na mtu.

Fundi_Pampu:
Aina, boss.

Kinyozi_Buru:
Sisi hapa tunamwita Chairman.

Dada_Tudor:
Hatukuuliza cheo.

Kinyozi_Buru:
Ni chewa. Lakini kabla hamjaanza, ni mdogo, kama kiganja. Mteja aliniletea kutoka Kilifi akiwa kama kidole, nikamlea mwenyewe. Anakula vipande vya ngisi kutoka mkononi mwangu. Ameshiba kila wakati. Nimemwona akipita karibu na lile jiwe mara nyingi na hafanyi chochote, anatulia tu hapo mbele.

Dada_Tudor:
Anatulia tu hapo mbele! Kakangu, huyo fayafishi hana haya. Ana akili.

Mzee Kobe:
Nimeandika aya mbili kuhusu asidi na amonia, na kumbe kuna chewa. Sikiliza kijana. Chewa hatafuni. Anafungua mdomo ghafla, maji yanavutwa ndani, na kilichomo kwenye maji kinakwenda nayo. Unasikia kama kidole kimegonga kioo, basi. Kushiba hakuhusiani. Jioni taa zikififia, na alfajiri, hizo ndizo saa zake. Na jamaa zake wengine hukua: yule mkubwa kuliko wote, Epinephelus lanceolatus, hupita mita mbili. Sijui wako ni wa aina gani, lakini lita mia mbili hazitamtosha.

Kinyozi_Buru:
Nimewasikia, ila Chairman ndiye amenijengea hii kazi. Watoto wanaletwa kunyolewa hapa kwa sababu yake. Mimi niliwaza kinyume: fayafishi anaogopa kwa sababu yuko peke yake. Ndiyo maana nimeagiza wa pili, anafika Ijumaa na basi la usiku. Pesa nimeshatuma kwa M-Pesa.

Fundi_Pampu:
Na hao wenyewe kwa wenyewe hupigana, isipokuwa wawe dume na jike waliokwisha kuzoeana. Kwa hiyo umeagiza ugomvi uletwe na basi.

Nyota_ya_Kisumu:
Sasa nimeanza kuipenda hii hadithi. Hii ni Ziwa Victoria tupu. Miaka ya 1950 watu wenye elimu zao walitia mbuta (sangara) ziwani, wakasema atakula vile visamaki visivyo na faida halafu sisi tumle yeye. Hao visamaki, fulu, walikuwa aina mamia. Babu yangu alikuwa akiwataja kwa majina, huyu wa mawe, huyu wa matope, huyu wa kichwa kikubwa. Kufikia miaka ya 1980 unavuta wavu, mbuta, mbuta, mbuta. Viwanda vya minofu vikajengwa, minofu ikaenda Ulaya, sisi tukabaki na mifupa, mgongo wazi tunaiita, na bado tunainunua. Babu hakuwahi kumla mbuta hadi anakufa. Alisema hawezi kula kitu kilichokula jirani zake. Lakini samahani, endeleeni na kinyozi.

Abu_Maryam:
Ndugu zangu, mbona hakuna anayeuliza kama ni haki kumfungia kiumbe kwenye kioo ili watu watulie wakinyolewa? Utaulizwa siku moja. Mrudishe baharini.

Dada_Tudor:
Abu Maryam, asimrudishe. Samaki aliyekaa tangini na wageni anaweza kupeleka maradhi alikotoka. Na wewe Kinyozi, tuambie, huyo mteja alimtoa Kilifi wapi? Maana Watamu na Malindi ni hifadhi za bahari tangu 1968, hutoi humo hata konokono.

Kinyozi_Buru:
Alisema ni kwa wavuvi. Sikumhoji.

Bwana_Nazi:
Chewa, tui zito, ndimu, pilipili mbuzi mbili. Swali la fayafishi limekwisha.

Karani_Embakasi:
Wakubwa, mimi nasoma tu lakini kuna kitu hakinikai. Mwezi wa pili huyu alifungua uzi hapa akiuliza bei ya kioo cha tangi, akasema ndiyo mara ya kwanza kufuga. Leo chewa amelelewa kutoka kidole hadi kiganja. Chewa gani huyo, wa mbolea? Na tangi la maji ya bahari ndani ya kinyozi Buruburu, stima inavyopotea hivi? Hii ni hekaya. Leta picha.

Kinyozi_Buru:
Mwezi wa pili nilikuwa nikiuliza tangi KUBWA. Chairman alikuwa kwenye tangi dogo nyumbani. Kabla ya hapo likapasuka, akakaa kwenye beseni.

Karani_Embakasi:
Beseni. Nairobi. Bila hita.

Kinyozi_Buru:
Hita ilikuwepo. Hata jenereta ninayo, ya mashine za kunyolea. Simu yangu kamera imekufa.

Karani_Embakasi:
Kamera imekufa. Uzi umefungwa, twendeni nyumbani.

Wambo_Mutindwa:
Mimi nakaa karibu na soko, nywele zangu zimekuwa msitu. Nitapita.

Nyota_ya_Kisumu:
Nenda haraka kabla Ijumaa haijafika.

Wambo_Mutindwa:
Niko kwenye kiti, nanyolewa. Tangi lipo, liko ukutani kando ya kioo cha tatu. Chewa yupo, na hiyo habari ya kiganja tuwekeni kando, ana urefu wa mashine mbili za kunyolea. Rangi ya udongo, madoadoa meusi. Chini ya jiwe la kushoto kuna pua nyeupe na ule unyoya, unatikisika kidogo kidogo. Chewa amelala mchangani mbele yake, vidole viwili hivi kutoka kwenye tundu. Hatikisi kitu ila mapezi ya ubavuni, polepole, na jicho moja linazunguka. Nimeingia amelala hivyo, upande mmoja wa kichwa changu umekwisha, bado amelala hivyo.

Mzee Kobe:
Wambo, hapo wanapuliza spirit na dawa za nywele?

Wambo_Mutindwa:
Sasa hivi nimepuliziwa shingoni. Pampu ya hewa iko juu ya droo, pale pale.

Mzee Kobe:
Basi hiyo pampu inavuta kila kinachopulizwa na kukitia majini. Ihamishie nyuma, chumba kingine, mpira uwe mrefu.

Karani_Embakasi:
Kinyozi na Wambo ni mtu mmoja mwenye akaunti mbili. Angalieni wanavyoandika.

Wambo_Mutindwa:
Mtu mmoja anajinyoa mwenyewe kisogoni?

Kinyozi_Buru:
Jamani tuache hayo. Pampu naihamisha leo. Nisaidieni la Ijumaa, basi linafika saa kumi na moja asubuhi. Huyo wa pili nikimweka kwenye ndoo kwanza atakaa?

Fundi_Pampu:
Ndoo mpya ya plastiki ambayo haijaonja sabuni, lita ishirini au zaidi. Hita, jiwe la kutoa mapovu ya hewa, kipande cha bomba la PVC ajifiche, kifuniko cha wavu. Badilisha sehemu ya maji kila siku kwa sababu ndoo haina bakteria wa kula amonia. Mwezi mzima ukimwangalia kama ana vidoa vyeupe. Na yule wa chini ya jiwe mtoe leo usiku, umweke ndoo yake. Si ndoo moja, ndoo mbili.

Dada_Tudor:
Na baada ya mwezi, watarudi wapi? Chewa si bado yupo?

Kinyozi_Buru:
Chairman haendi popote. Nitaweka kigawanyo katikati, plastiki ya matundu.

Dada_Tudor:
Matundu madogo, na kifike hadi juu kabisa. Wale huruka, tumekwambia.

Nyota_ya_Kisumu:
Mtoto mnanyoa pesa ngapi? Nina wavulana watatu, nitakuwa Nairobi Jumamosi.

Kinyozi_Buru:
Mia mbili kila mmoja. Wasigonge kioo.