Hii mashine haikatai

*Kikundi: UKOO (hakuna matangazo ya biashara)*

Zai: Jamani Idi yuko wapi? Tangu jana tiki moja

Salum: Si alisema anapanda mlimani na ile pikipiki mpya ya theluji

Shangazi Rukia: Anapanda na nani? Mbona mimi sikuambiwa?

Zai: Uliambiwa shangazi. Ukajibu "haya" ukaendelea kututumia maua ya asubuhi njema 😂

Idi: Nimeshuka. Huko juu hakuna mtandao hata wa dawa. Shikamoo shangazi, shikamoo mjomba. Niko mzima, vidole vyote kumi vipo

Shangazi Rukia: Marahaba mwanangu. Vihesabu tena.

Idi: 📷 Picha

Zai: Hicho chekundu kilichozama ni nini

Idi: Ndiyo yenyewe. Hapo nimeizika, tunaichimba kwa beleshi. Nitafika huko

Salum: Anza mwanzo binamu. Kampuni gani? Modeli gani?

Idi: Soma jina la kikundi, hakuna matangazo. Halafu nina ya kuisema vibaya, nisije nikaitiwa wakili. Ni ya mlimani, toleo jipya kabisa, jamaa yangu hapa Revelstoke, Kanada, kaichukua na kaniazima siku mbili. Tumepanda Boulder Mountain

Mjomba Kassim: Injini?

Idi: Tu-stroki mjomba. Silinda mbili, cc 850, na tabo ya kiwandani, ile feni ya kusukuma hewa ndani ya injini

Mjomba Kassim: Tu-stroki na tabo? Ekzosi ya tu-stroki ndiyo pafu lake. Imepindwa na kutanuliwa kwa hesabu ili moshi urudishe mchanganyiko ndani ya silinda. Ukiweka pangaboi hapo kati umeikaba koo.

Idi: Ndiyo maana ilichukua miaka. Watu walikuwa wanaifunga tabo wenyewe gereji. Kampuni ya Ski-Doo ndio wa kwanza kuitoa kiwandani, toleo la 2020, na wenzao wakafuata. Sasa kompyuta inapima kila tone, petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda

Mjomba Kassim: Na oili?

Idi: Ina tangi lake, pampu inajigawia. Huchanganyi kwenye chupa ya maji kama wewe na ile ya kwako ya zamani 😄

Mjomba Kassim: Ile ya kwangu ilikuwa haizimiki.

Zai: Ilikuwa haiwaki, mjomba

Salum: Tabo ya kazi gani sasa? Si tayari ina nguvu

Idi: Hewa nyembamba. Kila ukipanda mita 300 injini ya kawaida inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu. Injini za namna hii bila tabo zina nguvu za farasi kama 165 usawa wa bahari. Ukifika mita 2,000 umebaki na 130 na kitu. Wengine wamekufia njiani

Zai: Maskini farasi

Idi: Yangu kuukuu ndivyo ilivyo. Pale juu inakohoa, ninaibembeleza. Hii mpya mlimani kama bondeni, haijui kama imepanda. Nikibana resi inavuta pumzi kidogo, unasema labda imechoka, halafu inakutoa mikono kwenye mabega

Shangazi Rukia: Na breki iko wapi?

Idi: Mkono wa kushoto shangazi. Resi ni kidole gumba cha kulia. Hakuna gia wala klachi ya kukanyaga, ni puli mbili na mkanda kati yake kama skuta. Na kuna kamba, mwisho mmoja umefungwa kwangu. Nikianguka inachomoka, injini inazima

Shangazi Rukia: Hiyo kamba ndiyo kitu cha kwanza cha maana ulichosema tangu asubuhi.

Salum: Na mbele ni skii badala ya tairi?

Idi: Skii mbili mbele, treki moja ya mpira nyuma. Hii ina treki ya inchi 165, yaani ukiikata ukainyoosha ni karibu mita 4.2. Na meno yake yamesimama inchi 3, laini laini, kama makafi. Kwenye theluji ya unga hukimbii juu yake, unaipigia kafi

Mjomba Kassim: Uzito?

Idi: Kama kilo 200 bila mafuta. Wamepunguza kila mahali. Mnyororo na kasha lake la oili wameviondoa, sasa ni mkanda wenye meno. Bodi imejaa matundu, vyuma vyembamba. Nilipoinyanyua nyuma nikadhani wamesahau kufunga kitu

🎤 *Babu: ujumbe wa sauti (0:52)*

Zai: Babu anauliza nani alikaa akafikiria kutengeneza kitu kama hicho, hakuwa na kazi?

Idi: Haha. Shikamoo babu. Aliyefungua njia ni fundi wa Quebec, Joseph-Armand Bombardier. Januari 1934 mtoto wake mdogo aliugua tumbo, theluji imefunga barabara zote, hospitali hakuna namna ya kuifikia. Mtoto akafariki. Mwaka 1937 akapata hataza ya gurudumu la meno linalozungusha treki ya mpira. Mwanzoni magari yake yalikuwa kama mabasi, yanabeba watu kwenye theluji. Hii ndogo ya mtu mmoja au wawili, Ski-Doo, ilikuja 1959

Shangazi Rukia: Innalillahi. Kumbe si mchezo.

Idi: Kwa wengi wetu sasa ni mchezo, shangazi. Lakini ilianzia huko

Shangazi Rukia: Maskini mama yake.

Mjomba Kassim: Endelea. Mlimani ilikuwaje?

Idi: Kwanza niseme ubaya wake. Njia ya kupandia imesawazishwa, ngumu kama barabara. Hapo hii mashine ni mateso. Skii zimekaribiana, sentimita kama 90 hivi, kwa hiyo kila kona inataka kulala. Kioo cha mbele kifupi, upepo wote wa kwangu. Na ikaanza kuchemka

Salum: Kuchemka kwenye baridi hiyo??

Idi: Haina rejeta yenye feni. Maji ya kupoza yanapita kwenye paa la chuma juu ya treki, na treki inatakiwa kulirushia theluji. Njia ikiwa ngumu hakuna cha kurusha. Kuna vikwaruzo viwili vya waya unavishusha vikwangue barafu. Nilisahau kuvishusha 🤦🏾‍♂️ taa nyekundu ikawaka, nikasogea pembeni kwenye theluji laini ikapoa

Zai: Kwa hiyo kosa la mashine ni kwamba wewe umesahau

Idi: Nyamaza

Idi: Na ile skrini, ukivaa glavu nene huigusi. Unavua glavu, mkono unakufa ganzi, unakuta ulitaka kuona saa tu

Idi: SASA. Ukitoka kwenye njia ukaingia kwenye unga, yote umesamehe. Ile kulala kulala iliyonikera ndiyo kazi yenyewe. Kuukata mlima kwa ubavu mnajua inakuwaje?

Zai: Hatujui, tuambie na kikundi kijue

Idi: Husimami katikati. Miguu yote miwili ubao wa upande wa juu, umening'inia nje kama baharia anayeegemeza ngalawa. Mashine inalalia ukingo wa treki. Na skii unazigeuza KUSHUKA, ndipo inabaki kuelekea juu

Salum: Kinyume?

Idi: Kinyume kabisa. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nabingirika kila siku kwa sababu hiyo. Na yangu kuukuu kuilaza ni mieleka, unaivuta kwa kiuno, jioni mgongo hauna mwenyewe. Hii nimeiegemea tu. Naona mti, nafikiria kushoto, imeshakwenda. Nilikuwa nacheka peke yangu ndani ya helmeti

Mjomba Kassim: Na pale uliizika?

Idi: Hapo tambarare mjomba, aibu tupu. Nilisimama kupiga picha, nikaondoka kwa resi nyingi badala ya kidogo kidogo. Makafi ya inchi 3 yakachimba mtaro, nyuma ikazama mpaka kiti. Nguvu zote zile zikaenda kuchimba kaburi. Dakika 40 za beleshi

Zai: 😂😂😂

Salum: Kwa hiyo unainunua?

Idi: Subiri. Kuna jambo sijalisema

Idi: *Ujumbe huu umefutwa*

Shangazi Rukia: Umefuta nini?

Shangazi Rukia: Idi.

Idi: Naandika upya, shangazi

Idi: Siku ya pili mchana. Tulikubaliana asubuhi: leo hakuna kwenda juu ya mstari wa miti, pale miti inapoishia. Avalanche Canada wana ofisi yao hapa hapa mjini, wanatoa taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji kila siku, ngazi 1 hadi 5. Kwenye miti ilikuwa 2, juu ilikuwa 3. Watu wakisikia 3 kati ya 5 wanaona ni katikati, si mbaya. Lakini 3 maana yake kuna uwezekano mkubwa mtu mmoja akaliporomosha yeye mwenyewe

Idi: Nikawa naukata mlima, nipindue kwenye miti ya mwisho nishuke. Mashine yangu ya zamani pale pale ingeishiwa. Ingekohoa, ingezama, ningegeuka kwa kushindwa. Miaka mitano nimekuwa nikigeuka pale na kujiona nina busara

Idi: Hii haikuishiwa. Nilibana kidogo nikavuka miti. Nikabana tena. Nikajikuta kwenye eneo jeupe lisilo na alama, mteremko wa nyuzi 35 kwa macho yangu, na juu yangu kuna ukingo wa theluji umechomoza kama paa la baraza

Mjomba Kassim: Nyuzi ngapi ndiyo hatari?

Idi: Mengi huanguka kati ya 30 na 45. Nilikuwa katikati yake

Salum: 😳

Idi: Wenzangu chini wamesimama, mmoja anapunga mikono miwili. Kusimama huwezi, nikisimama nazama hapo hapo. Kugeuka juu ni kwenda chini ya ule ukingo. Nikafanya lile moja, nikaachia mlima, nikashuka taratibu kwa njia niliyopandia. Labda sekunde 20. Hakuna kilichoanguka

Shangazi Rukia: Alhamdulillah.

Shangazi Rukia: Na kingeanguka?

Idi: Kila mmoja amevaa bikoni kifuani, kidude cha kutoa ishara, zote duniani zinatumia mawimbi ya kilohezi 457, kwa hiyo ya mwenzako wa kampuni yoyote inakusikia. Wangenitafuta kwa hiyo, kisha fito ndefu ya kuchokolea, kisha mabeleshi. Na mgongoni nina mfuko wa hewa, ukivuta mpini unafura ukusaidie kubaki juu

Shangazi Rukia: Sikuuliza una nini. Nimeuliza kingeanguka?

Idi: Dakika 10 za mwanzo ndizo zenye matumaini, shangazi. Baada ya hapo yanashuka haraka

Zai: Kaka 😔

Mjomba Kassim: Ulitaka kulifuta hilo.

Idi: Ndiyo mjomba. Nilikuwa nimeandika mashine ni nzuri sana, basi

Mjomba Kassim: Si ni nzuri?

Idi: Nzuri kuliko mimi. Ile ya zamani ilikuwa inanikatalia. Nilidhani ni mimi ninayejua pa kuishia, kumbe ni injini ilikuwa imechoka

Salum: Si ungeendesha taratibu tu binamu, kosa si la mashine

Idi: Sijasema ni la mashine. Jamaa mwenye nayo aliniambia hivyo hivyo, kwa sauti isiyo ya kikundi chenye watoto. Akanichukua mpaka kwenye ubao wa ramani pale maegesho akanionyesha kwa kidole tulipokubaliana kuishia. Ramani ile ile yenye sehemu zilizofungwa kwa ajili ya karibuu, kulungu wa nchi za baridi, hizo sijawahi kuzivuka hata siku moja kwa kuogopa faini. Karibuu nawalinda, mimi mwenyewe sijilindi

Shangazi Rukia: Huyo jamaa mpe salamu zangu.

Idi: Kuna mafunzo ya siku mbili ya maporomoko, darasani na mlimani. Nilikuwa nasema mwakani, mwakani. Nimejiandikisha leo kabla sijaoga

Shangazi Rukia: Cheti ukitume hapa. Kisionekane nusu.

Zai: Na majina yaonekane 😂

Salum: Bado hujajibu kama utainunua

Idi: Nimerudisha funguo. Jumamosi napanda ile kuukuu. Nikimaliza mafunzo nitaiomba tena, siwezi kudanganya, mwili bado unaitaka

Mjomba Kassim: Nitumie picha ya ile tabo, karibu. Nataka kuona wameiweka kabla ya pafu au baada.

Idi: 📷 Picha

Mjomba Kassim: Kumbe.

Mjomba Kassim: Kumbe! Washenzi wana akili hawa.

🎤 *Babu: ujumbe wa sauti (0:09)*

Zai: Babu anauliza ina honi?

Idi: Haina babu

🎤 *Babu: ujumbe wa sauti (0:14)*

Zai: Anasema sasa wewe ukiwa juu na mwenzako yuko chini yako, unamwambiaje atoke?

Idi: Hapaswi kuwepo chini babu. Kwenye mteremko anapita mmoja, wengine wanasubiri pembeni wakimtazama

🎤 *Babu: ujumbe wa sauti (0:04)*

Zai: "Haya. Na wewe uwatazame."